Bahari ile ilikuwa yetu pia

Mwandishi aliyedai kuwa vita vya baharini vilikuwa vya Waingereza na manahodha wao, na kwamba sisi wa bara, huku Ihumwa, havituhusu, amekosea.

Februari 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, msafara wa meli tano za abiria ulitoka Kilindini, Mombasa, kwenda Ceylon, ukisindikizwa na kruza Hawkins na manowari Petard na Paladin. Mchana wa tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail, mojawapo ya meli hizo, torpedo mbili. Ilizama kwa takriban dakika mbili. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga 301 cha Afrika Mashariki. Petard ikatupa mabomu ya kina kuiwinda nyambizi huku walionusurika wakielea majini.

Nahodha wa Petard alibeba uamuzi mzito, sikatai. Lakini gharama ililipwa na vijana wa Afrika Mashariki, na majina yao yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu Nairobi. Anayesimulia kruza bila kuwataja, amesimulia nusu. Tuwafundishe watoto wetu nusu iliyobaki.