Goti Liumalo Usiku
Hapa Majengo, Nyeri, kijana wa sekondari akichechemea husemwa ameteguka mpirani. Goti hukandwa, naye hurudi darasani. Aghalabu kauli hiyo ni sahihi. Ila kuna maradhi adimu, osteosakoma, yaani saratani ianziayo mfupani, ambayo hupenda umri uo huo wa kubalehe na pahali papo hapo, kandokando ya goti. (Saratani kwa Kiarabu ni kaa, jina halimfunzi mwalimu dalili yoyote.)

Kabla ya miaka ya 1970, mguu ulikatwa na bado wagonjwa wapatao wanne kwa kila watano walifariki. Upasuaji ulipoongezewa tiba ya kemikali, takriban thuluthi mbili ya wale ambao ugonjwa haujawaenea huishi miaka mitano na zaidi. Tangu hapo hatua zimekuwa za kobe. Utafiti wa EURAMOS, ulioanza mwaka 2005, ulikusanya wagonjwa zaidi ya 2,200 kutoka Ulaya, Amerika Kaskazini, Australia na New Zealand. Kuzidisha dawa hakukuleta nafuu. Watoto wetu hawakuwamo.

Kilichosalia mikononi mwetu ni wakati. Mwanafunzi anayeamshwa na maumivu usiku, au mwenye uvimbe usiopungua kwa majuma, apelekwe hospitalini kupigwa eksirei kabla goti halijakandwa tena.