Mashine ya Kamasi Si Daktari wa Mtoto

Ukipita mjini Machakos asubuhi ya mwezi wa Julai, ukungu ukiwa bado umefunika vilima vya Iveti, utawaona akina mama wamewabeba watoto mgongoni, wamewafunika blanketi hadi kichwani. Ni msimu wa mafua. Kila mzazi anaijua adha ya kukesha na mtoto anayekoroma, anayeshika titi na kuliacha kwa kuwa pua imeziba. Mtoto wa miezi michache hupumua zaidi kwa pua. Ikiziba, kunyonya nako kunakuwa taabu.

Nyanya zetu walikuwa na dawa yao. Waliweka mdomo puani mwa mtoto, wakavuta kamasi na kutema. Yalikuwa mapenzi ya kweli, lakini kwa njia hiyo viini vya mafua huhama kutoka kwa mtoto hadi kwa mkubwa, na vya mkubwa humrudia mtoto. Sasa imekuja mashine ndogo ya umeme, yenye ncha laini, inayofyonza kamasi ukibonyeza kitufe. Mimi siipingi. Ninachopinga ni kuigeuza daktari wa nyumba.

Msomaji, kama unayo au unataka kununua, kumbuka kwamba kazi kubwa hufanywa na maji ya chumvi, wala si mashine. Kamasi nzito haivutiki. Nunua matone ya maji ya chumvi katika duka la dawa. Ukikosa, chemsha maji, pima kikombe kimoja, tia robo ya kijiko cha chai cha chumvi, koroga, kisha acha yapoe kabisa. Yatakayobaki jioni, yamwage. Mlaze mtoto chali, tia tone moja au mawili katika kila tundu, ngoja dakika moja hivi. Mara nyingi atapiga chafya na kamasi itoke yenyewe, ukapanguse kwa kitambaa laini.

Ikibaki, ndipo uwashe mashine. Anza na nguvu ya chini kabisa. Mshike mtoto kichwa kikiwa kimeinuka kidogo. Weka ncha mlangoni mwa pua, usiisukume ndani wala usiielekeze kwenye ukuta wa pua. Vuta kwa sekunde chache tu, kisha mpumzishe. Fanya hivyo kabla ya kunyonya au kulala. Akishashiba, anaweza kutapika. Usiitumie ikiwa bado imechomekwa kwenye umeme.

Usizidishe mara tatu au nne kwa siku. Wazazi wengi hukosea hapa. Wakisikia mkoromo mdogo, wanavuta tena na tena. Ngozi ya ndani ya pua ni nyororo. Ikivutwa mno huvimba, na pua huziba zaidi kuliko mwanzo. Ukiona damu, acha.

Kila baada ya kutumia, fungua ncha na kikombe cha kamasi, vioshe kwa maji moto na sabuni, uviache vikauke kabisa. Sehemu yenye mota usiitumbukize majini. Na tafadhali, usimwazime jirani ncha ya mtoto wako.

Pia tuache kumtia mtoto mafuta puani. Yakiteremka mapafuni huleta madhara makubwa. Dawa za kikohozi na mafua za dukani usimpe mtoto mchanga bila ushauri wa daktari. Jiko la makaa nalo lisikae chumbani usiku, hata baridi iwe kali vipi. Moshi huchokoza pua, na hewa yake ya sumu huua watu usingizini.

Hofu yangu kubwa ni mzazi anayeendelea kuvuta kamasi usiku kucha, kumbe ugonjwa uko kifuani. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kwa kuua watoto wa chini ya miaka 5. Mtazame mtoto akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha 60, au wa miezi 2 hadi 12 akifikisha 50, mpeleke hospitalini. Mpeleke upesi pia ikiwa nyama za chini ya mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea asiamke. Wa chini ya miezi 2 mwenye homa asingoje asubuhi. Na chanjo asikose: ile ya kukinga nimonia imekuwa ikitolewa nchini tangu mwaka wa 2011.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine hii ni mgeni. Tumkaribishe, lakini tumwonyeshe mahali pake pa kukaa. Kazi yake ni puani. Ugonjwa ukishuka kifuani, mwachie daktari.