Shabaha Nzuri Haitoshi

Kuna video zimejaa mtandaoni sai, na najua baadhi yenu mnazitazama. Msee wa Marekani ako kwa gereji yake, anajitengenezea risasi za bunduki ya kuwindia. Anachukua ganda lililotumika, analisafisha, anatia fataki mpya, anapima baruti, halafu anakaza kichwa cha risasi juu. Baruti inapimwa kwa greni, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu. Bidii yote hiyo ni ili kila risasi itoke sawa na mwenzake, itue palepale alipolenga.

Hapa kwetu usijaribu. Bila leseni, risasi moja tu mfukoni ni kesi. Na uwindaji wenyewe serikali ya Kenya iliupiga marufuku mwaka wa 1977.

Ile kazi ya mikono, enyewe, naiheshimu. Kinachonikwaza ni usemi unaofuatana nayo: eti mwindaji mwenye shabaha ndiye mwindaji mwenye maadili, kwa sababu mnyama anaanguka mara moja bila kuteseka. Kwa huyo mnyama, sawa. Lakini watu wa Kajiado tuna swali lingine. Ni mnyama gani huyo, na ni wa nani?

Shuka Loitokitok uone. Mpaka uko hapo tu, na ng'ambo, Tanzania, uwindaji wa leseni ni halali. Tembo wa Amboseli hawajui mpaka. Wanavuka kwenda Enduimet kula na kurudi. Mwaka wa 1994 wawindaji waliwaua huko madume ambao watafiti wa Amboseli waliwajua mmoja mmoja. Kelele zikapigwa, kukawa na maelewano kwamba eneo lile lisiwindwe tembo. Yalidumu karibu miaka 30. Halafu kuanzia Septemba 2023 hadi mapema 2024, madume wasiopungua 5 wakapigwa risasi upande ule ule.

Hapo ndipo shabaha inakuwa shida yenyewe. Mtu aliyelipa madola kibao hatafuti tembo yeyote, anatafuta mwenye pembe kubwa kuliko wote. Na dume wa aina hiyo ni mzee. Madume huzalisha zaidi wakiwa kati ya miaka 35 na 50 hivi, na mimba ya tembo huchukua miezi 22. Ukimtoa mmoja, hurudishi kesho. Mnamkumbuka Tim? Alikufa Amboseli mwaka wa 2020 akiwa na miaka kama 50, kifo cha kawaida, bila risasi. Ndivyo pembe kama zile zinavyopatikana: mtu anaachwa azeeke.

Sasa mtaniambia, "Lakini pesa za uwindaji zinalinda ardhi." Hoja hiyo si ya kutupa. Watafiti wamehesabu kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori kwenye nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68. Na hiyo ni miaka ya marufuku! Tukae hapa Kitengela tuangalie: nyumbu waliokuwa wakitoka mbuga ya Nairobi kuja huku wamefungiwa njia na ploti, waya na mawe ya nyumba. Hakuna aliyehitaji bunduki. Kwa hivyo Mkenya anayemnyooshea Mtanzania kidole, huku ameweka seng'enge kwa njia ya wanyama, anyamaze kidogo kwanza.

Lakini hoja hiyo haifiki Enduimet. Yule tembo amelishwa kwa nyasi za wafugaji wa pande zote mbili, na watalii wanalipa kumwona mwaka baada ya mwaka. Risasi inamuuza mara moja, na anayepokea hela ni upande mmoja. Huo si uhifadhi wa pamoja, ni kuuza ng'ombe wa jirani kwa sababu amepita bomani kwako.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Maelewano yale yarudi, na safari hii yaandikwe na kutiwa sahihi na serikali zote mbili, tusitegemee heshima ya watu.

Na kwa wale mnaopenda shabaha, kuna mashindano ya Maasai Olympics pale Kimana, yaliyoanza 2012 ili morani watafute sifa kwa medali badala ya kuua simba. Kuna kurusha mkuki, na kuna kurusha rungu kwa kulenga. Rungu halipimwi kwa greni. Ni mkono, jicho na mazoezi tu, na jioni kila simba bado yuko hai.