Lubumbashi: Sinema kwenye kampasi ya UNILU ni ya nani?

Wakati sinema ao teatre inaonyeshwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, wakaaji wengi wa mji wanasema: ile ni mambo ya wasomi. Mtu wa Katuba ao wa komini ya Kenya atalipa taxi mpaka kampasi ya njia ya Kasapa, kisha mazungumzo yote yafanyike kwa Kifaransa? Anabaki nyumbani.

Tuangalie ulizo hilo vizuri, kwa sababu filamu nyingi juu ya Kongo zinamhusu yeye kwanza. "Katanga Business" ya Thierry Michel, iliyotoka mwaka wa 2009, inaonyesha migodi yetu na wale wanaoipigania. "Augure" ya Baloji, mwana wa Lubumbashi, ilipata zawadi kule Cannes mwaka wa 2023. Sinema ikiisha, kazi yake njo inaanza: watu wanabaki, wanaulizana, wanabishana.

Mahali penye kumbukumbu nzito

Kwenye kampasi hii, kubishana kulikuwa na bei. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na wanafunzi wakaanza kusema waziwazi. Siku 17 nyuma yake, usiku wa tarehe 11 kuingia 12 Mei, walishambuliwa ndani ya kampasi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Njo maana mkutano wowote wa wanafunzi pale, hata wa sinema, si jambo dogo. Ni haki iliyolipiwa.

Kiswahili kilikwisha kuingia

Wengine wanasema Kifaransa kinafaa kwa sababu wanafunzi wanatoka majimbo mbalimbali, na si wote wanajua Kiswahili. Ni kweli. Lakini historia inaonyesha kwamba chuo na mji vinaweza kukutana. Mwaka wa 1986, kikundi cha teatre cha Mufwankolo, kinachojulikana sana kwa michezo yake ya Kiswahili kwenye radio na televizyo, kilitunga mchezo juu ya mamlaka, kikauonyesha katika kijiji cha Kawama. Johannes Fabian, aliyefundisha mbele kwenye chuo cha Lubumbashi, aliufuata na kuuandikia kitabu. Pale mwalimu alikuwa msikilizaji, wachezaji njo walikuwa wanafundisha.

Tangu mwaka wa 2000, mradi wa "Mémoires de Lubumbashi", pamoja na profesere Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU, ulikusanya masimulizi ya wakaaji, nyimbo, michoro na vitu vya nyumbani. Na tangu 2008, wasanii wa Picha wanaandaa Biennale ya Lubumbashi, wakipeleka foto na video mbele ya watu wa mji.

Hatari ya kuachia wengine watafsiri

Kwetu mashariki tuko na mfano mwingine. Mwaka wa 2015, serikali ilikataza filamu juu ya daktari Denis Mukwege, "L'Homme qui répare les femmes", ikisema pia kwamba tafsiri ya Kifaransa haikufuata sawasawa maneno ya wanawake walioshuhudia. Katazo liliondolewa mwezi uliofuata. Lakini funzo linabaki: mtu anayesikia luga ya shahidi hahitaji waziri wala mtengeneza filamu amwambie shahidi alisema nini. Anaweza kuhukumu mwenyewe. Kwa hiyo, msikilizaji wa Bukavu, Kalemie ao Lubumbashi akikosa kiti katika chumba kile, filamu yenyewe inakosa mashahidi wake wa karibu.

Mambo ya kufanya si ya bei kali. Mwanafunzi mmoja atafsiri mazungumzo kwa pande zote mbili. Sinema ianze mapema, ili watu wapate taxi mbele ya giza. Mara moja moja, ipelekwe kwenye salle ya parokia ao ya masomo huko Kamalondo, wanafunzi njo wasafiri kuifuata. Na radio za mtaa zirekodi mabishano, zipitishe kesho yake.

Bila vile, tutaendelea kuonekana ndani ya filamu, huku wengine njo wanazizungumzia.