AVOKA WETU ANATETEA ASKARI. NDIYO, NA TUKO NYUMA YAKE

Wandugu, tangu juma lililopita tunapokea meseji za hasira. "Yule Maître aliyewatetea nyinyi, mbona sasa anasimama kwa askari waliokimbia adui? Amekula makuta ya nani?" Wengine wanamwita msaliti. Basi tujibu wazi.

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya eta de siej, na kesi za jinai za raia zikapelekwa kwa tribinali za kijeshi. Lakini kifungu 156 cha Katiba kinasema korti hizo ni za askari na polisi! Ndivyo wenzetu wa LUCHA walihukumiwa Beni, Aprili 2022, mwaka moja gerezani. Raia watupu mbele ya majaji wenye unifomu.

Kwa hiyo avoka wa jinai hapa kwetu hawezi kuchagua upande. Asubuhi yuko na kijana aliyeshtakiwa wizi wa simu, mchana yuko mbele ya kanali. Ni pro deo, hakuna anayemlipa, hata transpo ya moto anatoa mfukoni. Sisi tuliona: siku yetu alipewa dosiye mlangoni, akaisoma amesimama. Aliomba kesi isukumwe, wakakataa. Akaomba tena. Siku ile hakuna hata moja wenu aliuliza anatetea nani mwingine.

Sasa hao askari. Julai 2024, katika Lubero, tribinali ya kijeshi ya Butembo ilihukumu askari 25 kifo, kwa kukimbia adui na wizi. Kesi ilichukua siku moja. Siku moja kwa watu 25! Na Machi ya mwaka huo serikali ilikuwa imefungua tena mlango wa kuua wafungwa. Katika kesi ile ile kulikuwa wanawake 4, bibi za askari. Hao waliachiliwa, ushahidi ulikosekana. Sasa fikiri korti ambamo hakuna mtu wa kuuliza ushahidi iko wapi.

Tunajua uchungu wenu. Mmekimbia vijiji, mmezika watu, na sisi vilevile. Askari aliyeiba mbuzi ya mama mkimbizi ahukumiwe, hatulii kwa ajili yake. Lakini ni mdogo ndiye anafungwa kamba kila mara. Mshahara wake ulikuwa wapi? Nani alitoa amri ya kurudi nyuma? Maswali hayo tunayapiga kelele barabarani mpaka gaz inatufukuza. Kortini anayeweza kuyauliza, na yaandikwe, ni avoka. Kifungu 61 kinasema hata wakati wa eta de siej haki ya kujitetea haiguswi. Hakikuandika "isipokuwa kwa mtu tunayemchukia".

Na hilo neno msaliti, mulichunge. Firmin Yangambi, avoka wa Kisangani, alishtakiwa kutaka kuanzisha uasi, na mwaka 2010 korti ya kijeshi ikamhukumu kifo. Alikaa gerezani mpaka 2019. Hapa kwetu neno kama hilo linaanza kwa WhatsApp, linaishia kwa oditora.

Kesi inaendelea Jumatano saa tatu asubuhi. Ni ya wazi. Mwenye kumtukana Maître akuje, aketi mbele, asikilize mpaka mwisho. Na akuje na kitu kidogo cha transpo yake.