Geti, Kamera na Cheti: Kinachosemwa Kuhusu Deikea za Nairobi

Kila inapotoka habari ya mtoto aliyeumizwa deikea, watu hupiga kelele siku mbili tatu, kisha yanarudi maneno yaleyale ya kujiliwaza. Nimeyasikia kwa wazazi wa Kilimani na Kileleshwa, kwa akina mama wa Kangemi na Kawangware, kwa wenye vituo, hata kwa maofisa wanaopaswa kuvikagua. Wengi huyasema kwa nia njema. Shida ni kwamba yanampa mzazi kitu cha kuamini pale anapohitaji kitu cha kukagua.

La kwanza husemwa magharibi ya jiji, ng'ambo ya kuta ndefu: "Hayo ni ya mitaa ya mabanda. Huku tunalipa." Kweli, tofauti ya bei ni kubwa. Kangemi mama anaacha shilingi 50 au 100 kwa siku, analipa asubuhi akimkabidhi mtoto. Lavington mzazi analipa kwa muhula na anapewa risiti. Fedha hizo hununua nafasi, vyoo safi, bembea, uji wenye maziwa na askari wa getini. Lakini geti kazi yake ni kumzuia mgeni, na anayemdhuru mtoto mdogo kwa kawaida si mgeni. Ni mtu anayemjua, anayemlisha, anayejua jina lake la nyumbani. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana wenye umri wa miaka 18 hadi 24 walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa aina fulani kabla ya kufikisha miaka 18. Wakenya wengi kiasi hicho hawakulelewa mabandani wote.

Ukitaka kujua pesa zako zimenunua nini, usiulize ada. Uliza idadi. Watoto wa chini ya miaka miwili ni wangapi kwa kila mlezi, na hasa saa saba mchana, nusu ya walezi wakiwa wamekwenda kula? Uingereza sheria inataka mlezi mmoja kwa watoto watatu wa umri huo. Huenda kiwango hicho hakiwezekani Kawangware kwa shilingi 100, na sitajifanya kinawezekana. Lakini mikono ni miwili kila mahali. Jiko la gesi likishika moto kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mama mmoja anatoka na watoto wawili, labda watatu akiwa na mmoja mgongoni. Wa nne anatolewa na nani?

"Watoto wametulia, kumbe kituo ni kizuri." Hapa nitakaa kidogo, maana sijui dai linalowapumbaza wazazi kuliko hili. Sabrina Habib, mmoja wa waanzilishi wa shirika la Kidogo, ambalo hufanya kazi na vituo vya aina hii Nairobi, amesimulia mara nyingi jinsi alivyoingia kwenye chumba chenye giza katika mtaa wa mabanda, akakuta watoto wachanga wengi wamelala sakafuni, macho wazi. Kilichomshtua ni kwamba hawakuwa wakilia. Mtoto anayelia bado anategemea kuna mtu atakuja. Aliyelia wiki nzima asijiwe huacha.

Tena kuna ukimya wa chupa. Piritoni inauzwa kila duka la dawa na kila mama wa Nairobi anaijua: ni ya mafua, ya kuwashwa, na humlaza mtoto. Walezi waliozidiwa na idadi ya watoto wanaijua vilevile. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2008 kwamba watoto wa chini ya miaka miwili wasipewe dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari, zikiwemo za kundi la Piritoni, kwa sababu ya madhara yanayoweza kuhatarisha maisha. Na huyo mtoto aliyeleweshwa usingizi mara nyingi hulazwa kifudifudi, "asipaliwe." Ushauri wa madaktari ni kinyume kabisa: mtoto mchanga hulala chali, juu ya kitu kigumu kiasi, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Kwa hiyo saa nne asubuhi kituo chenye watoto wa mwaka mmoja na nusu kinapaswa kuwa na kelele: mmoja analia, mwingine anang'ang'ania kikombe, wa tatu anavuta leso ya anti, yaani mlezi. Ukikuta wote wamelala kama maiti saa hiyo, usisifu malezi. Uliza walikunywa nini. Na mtoto anayerudi nyumbani jioni akiwa mzito, asiyetaka kula, akalala hadi asubuhi siku baada ya siku, asiitwe mtoto asiyesumbua.

"Mlezi wetu ni mama, tena mtu wa kanisa." Sisi tumelelewa na shangazi, nyanya na majirani, na wengi walitulea vizuri, kwa hiyo tunaamini jinsia na ibada ni dhamana. Mwaka 2009 mji wa Plymouth, Uingereza, uligundua kwamba mfanyakazi wa chekechea ya Little Ted's, mwanamke aliyependwa na wazazi, alikuwa akiwadhulumu watoto kingono na kupiga picha kwa simu yake. Ripoti ya mwaka uliofuata ilionyesha kuwa wenzake walikuwa wakisikia kinyaa kwa mambo aliyoyasema lakini hawakuona njia ya kumpinga, kwa kuwa alikuwa na sauti kazini. Tujifunze vitu viwili hapo: simu za walezi zikae mbali na mahali pa kubadilishia nepi, na anti wa chini aweze kumshtaki anti wa juu bila kupoteza kazi. Kwa deikea ya nyumbani ongeza la tatu. Wewe unamwajiri mama Wanjiru, lakini nyumbani kwake kuna mume, kuna kaka aliyekuja mjini kutafuta kazi, kuna kijana wa kidato cha tatu ambaye shule yake imefungwa. Hao hukuwahoji.

Hapo utajibiwa: "Ana cheti cha maadili mema." Sipingi cheti. Kinapatikana kwa eCitizen kwa shilingi 1,050, alama za vidole zinachukuliwa vituo vya Huduma, hata pale GPO katikati ya jiji, na kituo kisichowadai walezi wake cheti hicho hakistahili mtoto wa mtu. Ila kinasema jambo moja tu: kwamba polisi hawana rekodi ya uhalifu kwa alama hizo za vidole. Aliyefukuzwa Westlands kwa kumfinya mtoto na mambo yakamalizwa kwa kikao hana rekodi. Kesho yake anaomba kazi Riruta akiwa na karatasi safi. Simu ya dakika tano kwa mwajiri wa zamani, ukimuuliza kama angemkabidhi tena mtoto wake, itakwambia mengi kuliko karatasi hiyo.

Ndugu wa cheti ni kamera, fahari ya deikea mpya za Kilimani. Mzazi yuko ofisini Upper Hill, anafungua programu kwenye simu, anamwona mwanawe akichezea vibao vya rangi, moyo unatulia. Mei 2022, huko Cheadle Hulme karibu na Manchester, mtoto wa miezi tisa alifungwa mikanda kifudifudi kwenye mto mkubwa laini, akaachwa hapo zaidi ya dakika 90, akafa. Kamera ilikuwepo. Ilirekodi yote. Mwaka 2024 mlezi wake alifungwa miaka 14 kwa kuua bila kukusudia, na picha hizo zilisaidia sana mahakamani. Hazikumsaidia mtoto, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiziangalia kwa jicho la kukagua. Kamera ni shahidi mzuri baada ya tukio. Kabla ya tukio inahitaji mtu mwenye wajibu wa kuitazama, na mzazi mwenye mikutano sita si mtu huyo. Isitoshe haifiki chooni wala kwenye kona ya nepi, na haipaswi kufika.

Tukiwa hapo hapo: hizo picha zinakwenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Deikea inayorusha kila siku video za watoto wakioga kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 80 ikumbuke hilo.

"Mama angekaa na mtoto wake, haya yote yasingetokea." Hili halistahili nafasi kubwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu, na mtoto wa miezi mitatu hawezi hata kuketi. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia Bungeni hapa katikati ya Nairobi na mtoto wake wa miezi mitano kwa kukosa pa kumwacha, akaamriwa atoke. Kama mbunge alikwama, anayeshukia Lavington kufua nguo za watu kwa kibarua cha siku anatakiwa afanyeje? Na baba wa mtoto katika dai hili yuko wapi?

Wengine hukimbilia serikali. Kuna wanaosema hakuna sheria. Zipo. Katiba, kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kutelekezwa, kudhulumiwa na kila aina ya ukatili, na Jedwali la Nne linaweka vituo vya kulelea watoto mikononi mwa kaunti. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Bunge likapitisha Sheria mpya ya Watoto mwaka 2022. Tatizo ni nani anabisha mlango. Vituo ni vya kaunti, maofisa wa watoto ni wa serikali kuu, chekechea yenye darasa la PP1 inatazamwa na watu wa elimu, na afisa wa afya ya umma anakuja kuangalia choo na jikoni. Kila mmoja anaweza kudhani mwenzake ameshawahesabu watoto. Wakati huo ukutani kumetundikwa kibali cha biashara kutoka City Hall, makao ya kaunti, na mzazi anakisoma kana kwamba ni hati ya usalama. Kibali hicho kinathibitisha kwamba biashara imelipia ada, basi.

Kuna pia wanaotaka vituo vyote visivyosajiliwa vifungwe kesho. Nawaelewa, ila sikubaliani nao hata kidogo. Ukifunga deikea ya mtaa wa mabanda wa Waruku, mama hataacha kwenda kazini. Mtoto ataachiwa dada yake wa miaka minane, au atafungiwa ndani kwa kufuli. Utafiti uliofanywa Korogocho na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba akina mama waliosaidiwa kulipia deikea walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kazini, kwa pointi 8.5 za asilimia, ukilinganisha na ambao hawakusaidiwa. Deikea hizi ndizo zinazoushikilia uchumi wa nyumba nyingi za jiji hili. Mlezi anayefanya kazi gizani anahitaji mafunzo ya kumlaza mtoto chali, mlezi mwenzake, mlango wa pili, na mkaguzi anayekuja bila kutangaza na anayerudi tena. Atakayeshindwa baada ya hapo, au atakayempiga mtoto, afungiwe. Lakini askari wa kaunti wanaokuja na lori mara moja kwa mwaka watawafundisha walezi kitu kimoja tu, nacho ni kujificha vizuri zaidi.

Baya kuliko yote ni hili: "Tuyamalize wenyewe, tusiharibiane jina." Mwenye kituo anakuja jioni na mzee wa mtaa, wakati mwingine na mchungaji, na bahasha. Katika kosa la kingono hawana mamlaka ya kuyamaliza hata mzazi akikubali. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, haimwachii polisi, mzazi wala mzee uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi. Uamuzi huo ni wa kiongozi wa mashtaka. Na adhabu ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ni kifungo cha maisha.

Saa zinazopotea kwenye vikao hivyo zina gharama yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwilini hupungua kila mtoto anapoogeshwa. Usimwogeshe, usifue nguo alizovaa, zitie kwenye mfuko wa karatasi. Mpeleke mtoto hospitali ya Kenyatta, au ya Nairobi Women's pale Hurlingham, ambako kituo cha waathiriwa wa ukatili wa kijinsia kimekuwapo tangu 2001, kisha polisi kwa fomu ya P3, ambayo hailipiwi. Namba 116 ya simu ya watoto hupokewa usiku na mchana bila malipo. Anayepiga si lazima awe mzazi, wala hahitaji kuwa na ushahidi mkononi. Anaweza kuwa jirani wa ploti, au anti wa chumba cha pili aliyesikia kitu kisichomkalia sawa.