KDF Somalia: Kabla ya kuuliza watoke lini, tuulize wamwachia nani

Mjadala wa majeshi ya kigeni nchini Somalia umefufuka upya. Kikosi cha Umoja wa Afrika sasa kina jina la tatu: AMISOM ya mwaka 2007 ikawa ATMIS Aprili 2022, na Januari 2025 ATMIS ikawa AUSSOM. Burundi imeondoa askari wake, Misri yaingia, Kenya, Uganda, Ethiopia na Djibouti zabaki. Pesa za kuendesha kikosi hicho ni taabu kupatikana, na kila pesa zinapokwama, swali hurudi: majeshi yetu yatatoka lini?

Swali hilo huulizwa Nairobi, likaulizwa Mogadishu, likaulizwa New York kwenye Baraza la Usalama. Haliulizwi Kiunga, wala Ishakani, wala Kisimayu. Nami naona hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu watu wa huko ndio wanaolala na kuamka na majeshi hayo.

Tukumbushane vita hivi vilianzia wapi. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa nyara. Oktoba mosi mwanamke Mfaransa akatekwa Manda, na hakurudi hai. Siku chache baadaye wahudumu wawili wa misaada, raia wa Uhispania, walitekwa Dadaab. Tarehe 16 Oktoba KDF ikavuka mpaka kwa jina la Operesheni Linda Nchi. Yaani sababu mbili kati ya hizo tatu zilitokea Lamu. Vita vilianzishwa kwa jina letu sisi wa Pwani, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza vimetufaa nini.

Kisheria, KDF haikuikalia Somalia kwa mabavu. Mwaka 2012 iliingizwa chini ya Umoja wa Afrika, na serikali ya Somalia ikaridhia. Lakini raia anayesimamishwa kwenye kizuizi na askari wa nchi nyingine hasomi azimio la Umoja wa Mataifa. Yeye aona bunduki, asikia lugha isiyo yake, na ajua kwamba likimpata jambo hana kadhi wala hakimu wa kumshtakia askari yule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni amekaa zaidi ya miaka 13.

Mapema kabisa, Oktoba 30 mwaka 2011, ndege zilishambulia Jilib na bomu likaanguka kwenye kambi ya waliohama makwao. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema watu 5 walikufa na makumi wakajeruhiwa, wengi wao watoto. Jeshi letu likasema lililenga Al-Shabaab, likakana kuua raia. Likaishia hapo. Sasa linganisha na Golweyn, Agosti 2021, ambako askari wa Uganda waliwaua raia 7. Mahakama ya kijeshi ya Uganda ilikaa Mogadishu kwenyewe na askari 5 wakapatikana na hatia. Haikuwarudisha waliokufa, lakini angalau jamaa zao waliona kesi ikisikizwa.

Kisha tazama maisha ya kila siku. Kisimayu ilitekwa mwishoni mwa Septemba 2012, na tangu hapo mji umekuwa mikononi mwa serikali ya Jubaland ya Ahmed Madobe, aliyeingia pamoja na KDF. Lakini Jilib na Juba ya Kati ilibaki kwa Al-Shabaab. Mkulima wa bonde la Juba amekuwa akitoza kodi mara mbili kutoka mfuko huohuo: shambani wamngoja Al-Shabaab na zaka yao ya lazima, mjini wamngoja watu wa ushuru. Jeshi likishika mji na kuacha njia, raia hapati nchi, apata kisiwa.

Halafu kuna makaa. Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara ya makaa ya Somalia Februari 2012, kwa kuwa ilikuwa ikiwatajirisha Al-Shabaab. Kisimayu ilipotekwa, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwa meli ziliendelea kupakia, na wakawataja KDF na wakuu wa Jubaland. KDF ilikana. Sitaki kuhukumu, lakini miti ya migunga ilikatwa, na mfugaji aliyekuwa akilisha wanyama wake chini ya kivuli chake hakuulizwa na upande wowote.

Sisi Waswahili kuna jambo jingine latuhusu zaidi. Kisimayu si mji wa kigeni kwetu. Mpaka mwaka 1925 Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya, kisha wakawapa Waitaliano. Wabajuni wa Chula, Chovai na Koyama ni wamoja na Wabajuni wa Faza, Kizingitini na Kiunga, lugha moja na damu moja. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka 1991, wengi walikimbia kwa majahazi wakaja Lamu na Mombasa, nyumba na mashamba yao yakachukuliwa na waliokuwa na bunduki. Ukisikia leo Nairobi na Mogadishu zazungumza juu ya mustakabali wa Jubaland, hesabu ni ya koo kubwa. Mbajuni hatajwi.

Upande wetu wa mpaka nao umelipa. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa, na Al-Shabaab wakasema ni kisasi cha majeshi yetu kuwa Somalia. Ikaja kafyu, ikaja marufuku ya kuvua usiku. Aliye ofisini aweza kuiona hiyo ni amri ndogo. Lakini mvuvi wa jarife hutega magharibi akainua wavu alfajiri. Ukimkataza usiku umemkataza kazi, na marufuku hiyo ilidumu miaka, si wiki. Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni, baadaye ikaitwa Amani Boni. Jina likabadilika, vizuizi vikabaki. Waboni wa Mangai, Milimani na Basuba, ambao msitu ndio ghala na duka lao la dawa, wakawa waomba ruhusa kuingia kurina asali. Shule zao zilifungwa, walimu wakaondoka, na kuna watoto waliopitwa na umri wa kusoma. Na katika miji yetu wako akina mama ambao wana wao walichukuliwa kwa tuhuma za ugaidi na hawajaonekana tena.

Kwa hivyo simshangai anayesema: tuondoke, tena kesho. Hoja yake ina uzito. Asema kukaa kwetu ndiko kunakompa adui maneno ya kuwavutia vijana, na kwamba tumezika wengi. Kambi ya El Adde ilivamiwa Januari 2016 na Kulbiyow Januari 2017, na kwa miaka serikali haikutoa hesabu kamili ya waliouawa El Adde. Mzazi wa mwanajeshi pia ni raia.

Wala simpuuzi anayesema tubaki. Yeye asema tukitoka, Ras Kamboni itashikwa, na kutoka Ras Kamboni hadi Kiunga ni safari fupi. Tulionja kidogo Desemba 2024, majeshi ya Mogadishu na ya Jubaland yalipopigana hapo Ras Kamboni kwa ajili ya ugomvi wa uchaguzi wa Madobe. Mamia ya askari walioshindwa walivuka wakaingia Ishakani. Kijiji cha wavuvi kikapokea jeshi bila taarifa.

Wote wawili wana somo la kujifunza kutoka kwa Ethiopia. Iliingia Mogadishu mwishoni mwa 2006 kuwaondoa viongozi wa Mahakama za Kiislamu. Katika miaka miwili ya kukaa kwake, watu mamia kwa maelfu walihama mji, na Al-Shabaab, waliokuwa kundi dogo, wakakua kwa kujiita watetezi wa nchi dhidi ya mvamizi. Ikatoka Januari 2009, na mwezi huohuo Baidoa ikaangukia mikononi mwa Al-Shabaab. Oktoba 2016 Waethiopia wakaondoka Tiyeglow, na Al-Shabaab wakaingia mara. Katika hali kama hiyo, wa kwanza kuandamwa ni raia aliyewauzia askari maji, aliyewatafsiria lugha, aliyewapangisha nyumba. Askari ana lori la kumtoa. Yule hana.

Msimamo wangu basi ni huu: KDF itoke Somalia, lakini itoke kwa ngazi, na kila ngazi ipimwe kwa hali ya raia. Kutaja tarehe tu kwenye kalenda hakutoshi.

Kwanza, kila kambi kabla ya kukabidhiwa, ijulikane ni nani atalinda mji ule na barabara yake, na je, Mogadishu na Kisimayu wamekubaliana? Kumkabidhi mmoja kambi ilhali mwingine yuko tayari kuipigania ni kuwachokozea raia vita vipya.

Pili, walioumizwa na silaha zetu wasikizwe na walipwe fidia, kule Gedo na Juba kama huku Lamu. Kulipa si kukubali kwamba wewe ni adui. Ni adabu ya jirani, na sisi majirani hawa hatutahama wala wao hawatahama.

Tatu, vita vikipungua kule, amri zake zipungue huku. Mei 2023 serikali ilitangaza kuufungua mpaka kwa awamu, Kiunga ikiwemo, kisha Julai ikaahirisha kwa sababu ya mashambulizi. Ufunguzi huo upangwe upya pamoja na wazee, wavuvi na wafanyabiashara wa huko. Mpaka uliofungwa haumzuii gaidi anayepita msituni, wamzuia mama anayekwenda kumwona dadake.

Nne, bunge na kaunti ya Lamu zipewe ripoti ya wazi: tumetumia nini, tumepoteza wangapi, na mpango wa kutoka ni upi. Viongozi wetu wa Pwani huja na rambirambi baada ya kila shambulizi. Twawataka waje na maswali kabla.

Wazee wetu wa bara ya Lamu waliwahi kuyaona haya. Vita vya Shifta vya miaka ya sitini vilihamisha vijiji vya Rubu, Mvundeni, Ashuwei na Mkokoni, watu wakakimbilia visiwani na Mombasa. Vita viliisha 1967. Wengi hawakurudi, na mpaka leo watoto na wajukuu wao wagombania mashamba yaliyoachwa. Majeshi yalirudi kambini, serikali ikasema kazi imekwisha, na hakuna aliyekwenda kuuliza nani amebaki nje ya nyumba yake. Safari hii tuulize mapema, wangali huko.